Tajiri na Mbuzi

Tangu tajiri wake wa dukani, mzee Mhindu, afariki, Hagenimana hakugusa nyama. Ndani ya teksi ya Probox iendayo Kanoni akamfungulia moyo mama asiyemjua, aliyepakata mkungu wa ndizi. "Mzee alisema mtu akifa huzaliwa tena, hata akiwa mnyama, kufuatana na matendo yake. Nikimla je?"

"Alikuwaje?"

"Mpole, mama. Hakuwahi kunifokea."

"Na watu wapole hakukuambia huishia wapi?"

"Aliyetakata kabisa hufunguliwa, harudi tena."

"Sasa unamtafutia nini kwenye mbuzi?"

Hagenimana akashusha pumzi. Mwaka mzima wa maharage ukamtoka kifuani. Gari liliposimama kwenye banda la nyama choma, akaruka chini, kisha akageuka. "Lakini baba mkwe wangu naye amefariki, na alikuwa mkorofi!"

"Huyo," mama akapaza sauti gari likiondoka, "mwongezee pilipili!"