Swali Nililouliza Mbele ya Watu

Wazazi wangu, kaka na dada zangu, amani iwe nanyi. Kwaya imetupasha moto, nami sitaki kuipoza ibada. Lakini niliahidi kusema, na mhusika ameniruhusu, mradi nisimtaje jina.

Wengi hamjui kazi yangu hasa. Mama yangu mwenyewe huwaambia watu kwamba nalipwa kuwatazama vijana wakinyanyua vyuma, na hakosei sana. Mimi ni kocha wa mazoezi ya nguvu: wachezaji wa chuo hunijia kabla ya kwenda uwanjani, niwajenge misuli na kuwakinga na majeraha. Nilianza hapa Toronto mwanzoni mwa miaka ya 2010, nikiwa ndio kwanza nimehitimu, nikiamini kwa dhati kwamba mwili ni amana na kwamba nitautunza vyema kuliko walionitangulia.

Mwaka wa pili alikuja binti wa mpira wa kikapu, mtoto wa familia ya Kirundi kutoka mtaa wa Crescent Town, mashariki mwa mji. Kiswahili alikielewa, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama hawa watoto wetu. Nilimwita dada, naye akaniita kaka. Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo nililitumia vibaya. Wenzake walipochoka niliwapumzisha. Yeye nilimwambia, "Dada, usiniaibishe."

Asubuhi moja alininong'oneza mlangoni kwamba mgongo unamuuma tangu juzi. Nilimwambia apashe mwili joto kwanza, tutaona. Kisha, timu nzima ikiwa imesimama, nikamuuliza kwa sauti kama yuko sawa. Angejibu nini, mtoto aliyelelewa kumheshimu mkubwa? Alisema yuko sawa. Nikaongeza uzito. Aliponyanyua mara ya tatu aliketi sakafuni, na hakuweza kuinuka.

Kocha mkuu aliponiuliza kama binti alikuwa amelalamika, nilisema hapana. Akalaumiwa yeye kwa kuficha maumivu. Hakunikanusha, maana mimi ni kaka.

Sikuweza tena kuingia chumba kile cha mazoezi. Niliacha kazi, nikahamia Rexdale, upande wa pili wa mji, nikapata zamu za ghala karibu na uwanja wa ndege. Hapa kanisani mlidhani nimesafiri.

Jumamosi moja mchana nilisikia hodi. Alikuwa mama wa binti. Alikuwa amevuka mji mzima, kwa treni kisha kwa basi la barabara ya Kipling, amepakata sufuria ya maharage. Alifungua friji yangu, akaikuta karibu tupu, akauliza kama mwalimu wa nguvu ndivyo anavyokula. Nilikula nimeinamisha kichwa. Alisubiri nimalize.

"Ulimwita dada," akasema. "Dada haachwi kitandani. Hukuja hata kumuuliza anaumwa wapi?"

Ndipo nilipofahamu kwamba anajua yote, na kwamba maharage yale aliyapika akijua.

Nilikwenda naye siku ile ile. Binti alikuwa kwenye kochi, mto mgongoni. Nilimuuliza panauma wapi, kisha, kwa mara ya kwanza, nikanyamaza. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa Kiingereza. Mwisho akasema kwa Kiswahili, "Kaka, nilikuambia mlangoni."

"Uliniambia," nikajibu. "Na nitakwenda kuwaambia."

Jumatatu nilimweleza kocha mkuu ukweli, na jina la binti likasafishwa. Kazi sikurudishiwa. Ulipita zaidi ya mwaka ndipo chuo kingine kikanichukua kuwa msaidizi. Katika barua ya maombi nilikuwa nimeandika kila kitu. Sasa kila mchezaji namuuliza peke yake, kando, kabla hajagusa chuma. Binti hakurudi kwenye timu, lakini anatembea wima, anasomea tiba ya viungo, na hachoki kunisahihisha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada yangu. Namshukuru mama yake, ambaye sufuria yake bado ninayo. Upendo tunaopeana huku ugenini una uzito; tusimtwike mtoto uzito huo hadi ashindwe kusema anaumia.

Neno la mwisho. Siku ile ndani ya basi nilimwona mama yule akishika kiuno alipoinuka. Kazi yake ni kuwanyanyua wazee vitandani. Nilipomuuliza alicheka, akasema hajawahi kuulizwa. Basi, kina mama mnaofanya kazi hiyo, baada ya ibada nitakuwa ukumbini chini. Njooni mmoja mmoja. Sitauliza mbele ya watu.