Hodi ya Nini: Maisha ya Mistari, Mtunzi wa Nyimbo

Tunayemzika leo tulimwita Mistari, na jina la kwenye cheti hata mama yake alikuwa akilisahau. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa pili wa fundi umeme wa reli na mama muuza sabuni, katika nyumba ya wapangaji yenye bomba moja uani. Mama yake alisimulia kwamba alichelewa kulia mpaka mkunga akamzaba kofi, na kwamba tangu hapo hakunyamaza tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1992. Darasani alikuwa wa katikati. Siku moja mwalimu wa hesabu alimkuta anachekesha wenzake, akamwamuru asimame aseme jedwali la saba. Alilisema lote kwa vina, huku akigonga dawati kwa vidole, na darasa zima likaitikia. Mwalimu alimchapa. Siku chache baadaye mwalimu huyohuyo alisikika darasa la jirani akifundisha vilevile, na dawati anagonga.

Mwaka 1993 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukata karatasi. Nyuma ya karatasi zilizoharibika aliandika mistari ya hip hop, muziki ambao baba yake aliuita kelele za kufokafoka. Hakuimba mwenyewe, kwa kuwa sauti yake ilikwaruza kama bawaba kavu. Waliimba vijana wengine, naye alikaa studio juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwarekebisha: "Meza mate kwanza. Usilikimbize neno, halijakukosea kitu."

Tarehe 22 Agosti 1998 alimwoa dobi wa mtaani kwao, ambaye hakuwahi kukaa darasani. Kabla ya hapo alikuwa akimpelekea shati lilelile kila baada ya siku mbili.

"Kaka, shati hili lina tatizo gani?" dobi alimuuliza.

"Halina. Mwenye shati ndiye analo."

Walijaliwa mabinti wawili. Lakini yaliyotokea yasemwe, maana wengi hapa mnayajua nusu. Mwaka 2003 Mistari aliondoka nyumbani kwa hasira, akaubamiza mlango mpaka bawaba ikang'oka, akaenda kuishi na mwanamke mwingine. Mkewe alibaki na watoto wadogo, pasi ya mkaa, na mlango ulioegemezwa kwa tofali. Mwezi Juni 2005 marehemu alirudi. Alisimama nje ya mlango uleule, akaita kama mgeni:

"Hodi!"

Mkewe, mikono ikiwa kwenye povu, akamjibu: "Hodi ya nini, na mlango ulishauvunja?"

Aliingia. Hakuomba radhi. Aliomba kalamu.

Kabla mwaka haujaisha, maneno hayo yalikuwa kiitikio cha wimbo uliochezwa kwenye kila harusi na kila duka la simu. Watoto wa mtaani walimwimbia dobi akipita na kapu la nguo, wasijue kwamba wanamrudishia maneno yake. Aliyeandikwa kuwa mtunzi alikuwa Mistari peke yake.

Kila wimbo unapopigwa redioni, kwenye simu au kwenye tangazo, kuna fungu la aliyeuandika. Hilo ndilo linaloitwa mirabaha. Marehemu hakulijali. Fungu lake katika nyimbo kumi na moja, na ule wa hodi ukiwamo, alimuuzia mwenye studio kwa bei ya koti la ngozi, na koti lenyewe likambana kwapani.

Mwaka 2013 mwenye studio alitaka kuhama, akawa anauza kila kitu. Dobi alikuwa ameweka akiba ya muda mrefu ili anunue mashine ya kufulia. Alimchukua binti yake mkubwa amsomee mkataba neno kwa neno, akazinunua haki za nyimbo zote kumi na moja, akazirudisha kwa jina la mumewe. Ndugu yake alimcheka mpaka akakaa chini.

"Dada, umenunua upepo! Utauanika wapi?"

"Redioni," alijibu.

Mirabaha hiyo ndiyo iliyosomesha mabinti, ikaezeka nyumba, ikaleta bawaba mpya, na mwisho kabisa mashine ya kufulia. Marehemu alipohojiwa redioni alisema amezirudisha nyimbo zake kwa jasho lake. Jasho hilo mkewe alilijua vizuri, maana ndiye aliyekuwa akilifua kwenye kola za mashati.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alikuwa akienda hospitali kusafishwa damu, na kila akirudi alimwambia mkewe, "Leo na mimi nimefuliwa." Alivumilia bila kulalamika, na kwa hilo tunampa heshima yake.

Januari mwaka huu wa 2025 kaka yake alifika wodini na habari ya kampuni iliyotaka kuzinunua nyimbo zote kwa mkupuo.

"Shemeji, nyimbo zinazeeka," alisema. "Tuuze sasa, kabla watu hawajazisahau."

"Mimi nafua nguo za watu wanaoziimba, shemeji. Hawajasahau."

Ndipo Mistari akainua mkono wenye sindano. "Kaka, acha. Ile hodi si yangu, ni ya huyu. Na lile jasho la redioni ni la huyu."

"Ulikuwa unajua miaka yote hii?" mkewe alimuuliza.

"Nilijua."

"Basi usiniambie mimi. Mimi najua tangu siku ile. Waambie chama cha watunzi."

Aliwaambia. Ofisa wa chama alikuja mpaka kitandani, na marehemu akatia saini akiwa na akili timamu: wimbo ule una watunzi wawili, na haki za nyimbo zote ni za mkewe. Kaka yake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alikuwepo na aliona.

Mistari alifariki hospitalini tarehe 3 Mei 2025, mkewe akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa.

Ameacha mke, mabinti wawili, mjukuu wa kike ambaye tayari anagonga meza kwa vidole, kaka mmoja, na nyimbo kumi na moja.

Nyimbo haziuzwi. Anayetaka kuja kuziulizia ajue kwamba mlango wa nyumba ile sasa ni mzima. Apige hodi, asubiri nje.

Nenda salama, Mistari. Huko uendako ukikuta mlango, ufungue taratibu.