Noti Saba za Alhamisi: Kumuaga Maame Takyiwaa

Leo Ijumaa, tarehe 30 Mei, Maame Afia Takyiwaa Boamah, mkuu wa mitambo wa Redio Abotare hapa Techiman, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Karibu sote tulipoajiriwa tulimkuta, na alitupokea kwa kutufokea. Nimepewa mimi kuandika wasifu huu kwa kuwa ndimi msomaji wa matangazo ya misiba, na bosi anasema sauti yangu inafaa kwa mambo ya kuagana. Asante, bosi.

Maame alianzia mapokezi, akipokea matangazo ya misiba na kuwapoza wafiwa kwa maji baridi. Jumapili alipiga kinanda kwa Wamethodisti. Basi redio iliponunua kinanda cha umeme kutoka hoteli moja iliyofungwa, ni yeye tu aliyejua kukigusa. Akaombwa kitu kifupi cha kufungulia matangazo ya Alhamisi jioni. Akapiga noti saba zinazoshuka polepole, basi. Tangu hapo, mtu wa Techiman akizisikia huacha kutwanga fufu ya chakula cha jioni, akasikiliza nani ametutoka.

Kuhusu ukali wake, jamani, tusifichane. Samaki wa kukaanga alipigwa marufuku studio kabla hajaingia. Lakini siku familia moja ilipoleta mbuzi wa shukrani, ni Maame huyuhuyu aliyemfunga kwenye mguu wa meza yangu, eti kwa dakika mbili tu. Mbuzi akalia hewani katikati ya jina la marehemu. Nilitaka ardhi inimeze. Kesho yake familia ikaja kushukuru tena: marehemu alikuwa mfugaji, na walidhani tumefanya makusudi. Maame akawaambia, "Sisi hapa hatubahatishi." Hata hakupepesa macho.

Sasa nije kwenye kinanda.

Mwezi wa pili umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi na hasira zake. Kinanda kikatoa moshi. Fundi akakifungua, akachungulia, akavua kofia. "Maame, huyu ndugu ametangulia. Mtangazeni tu." Bodi yote ya ndani ilikuwa imeungua, na kinanda cha aina hiyo hakitengenezwi tena.

Maame hakutishika. Alifungua kompyuta, akatafuta programu ya muziki yenye sauti za vinanda, akaunganisha kibodi ndogo, Alhamisi ikafika, akapiga noti zake saba. Safi kabisa! Safi mno. Simu zikaanza kulia kabla sijataja marehemu wa kwanza. "Kinanda gani hicho?" aliuliza mzee mmoja. "Hicho ni cha harusi! Mnatucheka?"

Kuanzia hapo ikawa kazi. Akapunguza ukali, akaongeza mvumo. Akasikiliza kanda zetu za zamani, akalinganisha, akabadilisha tena. Kila toleo tuliitwa tulisikie, mpaka mhasibu wetu akaanza kujificha chooni. Na kila Alhamisi simu zililia vilevile: harusi. Familia zikaanza kuvuka barabara na misiba yao kwenda redio ya jirani.

Katikati ya mwezi huu akaja Maame Pokuaa wa Tuobodom, amevaa nyeusi, amefiwa na mumewe, Opanyin Gyabaah. Hakukaa hata kitini.

"Mume wangu kila Alhamisi alikaa na redio yenu mapajani, akisikiliza wenzake wakitangazwa. Akaniambia, siku yangu nipigiwe kinanda kilekile. Sasa nimpeleke na ngoma ya harusi? Mazishi ni Jumamosi tarehe thelathini na moja. Nawangojea hadi Alhamisi ya kutangazwa kwake. Mkishindwa, navuka barabara na mimi."

Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya Takyiwaa kazini. "Atapigiwa chake, mama," akamjibu. Mgeni alipotoka, Maame akafunga mlango wa studio akalia. Mimi nilikuwa ndani, nimesahauliwa nyuma ya kipaza sauti. Akasema hataki kuondoka huku watu wakikumbuka kuwa yeye ndiye aliyewaharibia misiba. Nikampa leso.

Jumanne wiki hii tukaanza kusafisha studio kwa ajili ya sherehe hii. Tukakiburuta kile kinanda kilichokufa kwenda stoo. Maame akatuzuia, kwanza akivue kitambaa kilichofunika spika zake, akakifue. Ni kitambaa cheusi chenye nakshi nyekundu, kilichobaki aliposhonewa nguo za msiba wa shangazi yake. Alikifunga mwenyewe mwaka ule upepo wa harmatani ulipotumwagia vumbi kupita kiasi, na hakikuwahi kufunguliwa. Akakishika, akakigeuzageuza.

"We Kwabena," akaniita. "Kipaza sauti tulikuwa tunakiweka wapi?"

"Mbele ya spika za kinanda. Siku zote."

"Yaani sauti ilipitia kwanza kwenye hiki kitambaa!" Akaanza kucheka mpaka akakaa sakafuni. "Miezi yote natafuta ndani ya kompyuta kitu nilichokifunga kwa mikono yangu!"

Hakuna aliyekwenda kula mchana ule. Bodi ilikuwa imeungua, lakini spika zilikuwa hai. Maame akapitisha waya, sauti ya kompyuta ikatokea kwenye spika zilezile, ndani ya bweta lilelile la plastiki lililopasuka. Akafunga kitambaa, hakijafuliwa, na vumbi lake. Akaweka kipaza sauti pale pale. Kisha akarekodi kibonyezo kimoja baada ya kingine, vyote, na kuvirudisha kwenye programu. Jana jioni alikipiga.

Maame Pokuaa alikuwa kwenye benchi letu la nje, chini ya spika, mkoba mapajani, tayari kuvuka barabara. Noti ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akaangua kilio, "Gyabaah ee! Wamekuita!" Nilikisikia hadi studio. Nikasoma jina la mumewe kwa shida. Simu haikulia hata moja.

Maame Takyiwaa, asante kwa kutufokea, kwa mbuzi, na kwa kuwasindikiza watu wetu kwa heshima. Nenda Nkoranza ukalime viazi vikuu vyako, ucheze na wajukuu, ulale Alhamisi ukitaka. Tunakuombea afya na miaka mingi ya furaha. Kinanda chako kipo kwenye kompyuta, kimehifadhiwa mara tatu, na siku yako tutakupigia hichohicho. Ila tafadhali, Maame, usituharakishe.

Kwabena Asubonteng,
kwa niaba ya wafanyakazi wote