Koili Fupi, Waya Mnene

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Majengo, penye benchi linaloyumba na kivuli cha ukuta kinachotuhamisha kila saa. Mwaka ule vitu vya Dubai vilikuwa vimejaa Dodoma, na kila aliyenunua jiko la umeme alijiona fundi. Harithi, tuliyemwita Injinia kwa kumkejeli naye akalipokea jina kwa heshima zote, siku hiyo alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama, anatega sikio upande wa nyumba ya Bi Stara, alikopanga chumba. Redio ya Bi Stara ilikuwa ya umeme na ilisikika mpaka pale. Bibi huyo alishatamka: jiko lako likizima nyumba yangu mara moja tena, wewe na mkeo mhame siku hiyo hiyo. Kwa hiyo redio ikiimba, Harithi ana pa kulala. Upepo nao ulikuwa unatumwagia vumbi vikombeni, na mimi vumbi na watu wasiotulia vinaniudhi sawasawa.

— Kaa chini, Injinia, nikamwambia. Unatutikisia kahawa.

— Inaimba? Mnaisikia?

— Inaimba tangu asubuhi, alisema Zaidi, muuza kahawa. Hilo jiko limepona?

— Koili ilikatika tena. Kila ikikatika natoa kipande kilichoungua, naunga. Sasa imebaki nusu.

— Nusu? Na unajisifu?

— Ndiyo ujanja wenyewe. Koili fupi, safari fupi. Umeme ukitembea kidogo unakula kidogo. Wewe ukienda hapo sokoni utakula sawa na anayekwenda Msalato kwa miguu?

Bushiri, tunayemwita Dunia Nzima kwa kuwa anajua habari za kila mahali isipokuwa za nyumbani kwake, akatikisa kichwa.

— Koili mnaisingizia. Tatizo ni umeme wetu. Bwawa la Mtera liko hapa karibu, kwa hiyo unatufikia ukiwa bado mbichi. Dar unafika umechoka, ndiyo maana koili zao hazikatiki.

— Sasa tufanyeje?

— Wauzungushe kwanza mpaka Singida, urudi umepoa.

Lameck aliacha chuo mwaka wa pili, na jina lake kijiweni ni Fomula. Akaokota kaa lililozimika chini ya birika la Zaidi, akaanza kuandika ukutani.

— Nyamazeni kidogo. Jiko likiwa jipya lilikuwa wati ngapi?

— Elfu moja, Harithi akajibu. Imeandikwa chini yake.

— Umeme wa nyumbani ni volti mia mbili na thelathini. Wati gawanya kwa volti, unapata ampea nne na kidogo. Volti gawanya kwa ampea, unapata ukinzani wa koili, omu hamsini na tatu. Koili ikibaki nusu, omu ishirini na sita na nusu.

— Si nilisema? Imepungua.

— Ukinzani ndio umepungua.

— Basi kazi inakwenda laini. Hata chama kisichokuwa na wapinzani...

— Siasa peleka kwenu, alisema Zaidi. Mimi nauza kahawa.

— Sasa volti ni zile zile, Lameck aliendelea. Gawanya kwa omu ishirini na sita na nusu, ampea nane na pointi saba. Zidisha tena kwa volti.

Aliandika, akafuta kwa kiganja, akaandika upya.

— Wati elfu mbili.

Mimi nilitegemea kwamba msomi wetu sasa atasema la maana.

— Hongera, Injinia. Umenunua jiko moja, unapikia mawili. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Upwa gani Dodoma hii? nikauliza.

— Ukikata nusu tena, elfu nne. Ukibakiza kipande cha kucha, unaendesha mashine ya kusaga.

— Unaendesha treni, alisema Bushiri. Treni nzima mpaka Kigoma, kwa koili ya kucha.

Harithi akacheka, akasimama, akatega sikio, akakaa.

— Lakini fyuzi ya nyumba, Zaidi alisema. Si ndiyo iliyokuwa inakatika kila mara?

— Ile ya ampea tano, kijiwaya kama unywele. Ndiyo iliyonidhalilisha. Nimeitoa, nimeweka waya wa uzio. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Mimi pembamba nimepanenepesha.

— Na jiko umemwachia nani?

— Makande hayataki mlinzi. Mke wangu Rukaya yuko kwenye foleni ya maji, Bi Stara kajilaza.

Mwisho wa benchi alikuwa amekuja kukaa mama mmoja, Dorkasi, akisubiri gari la Mlali, gunia lake la karanga miguuni. Alikuwa ametusalimia tu.

— Samahani, baba zangu. Kwetu umeme hatuna, mimi nauliza tu.

— Uliza, mama.

— Pale pembamba pamenenepeshwa. Sasa pembamba pamebaki wapi?

Lameck alitazama tarakimu zake ukutani. Bushiri alitazama kikombe. Nyumba ya Bi Stara tunaijua sote: nyaya zake ni za enzi za mkoloni, zimevishwa vitambaa, zimepita juu ya dari ya mbao iliyokauka. Niliingiwa na hofu, nasema wazi. Redio ilikuwa inaimba bado, na sasa sote tuliomba izimike.

Harithi akaweka kikombe chini. Alianza kwenda kwa mwendo wa mtu mzima, mikono nyuma, bila kututazama. Alipofika kwenye duka la kona akavua kandambili, akazishika mkononi, akakimbia.