Mista Anselmo na Meza ya Katuba

Wasikilizaji wapendwa, leo naanza bila muziki. Jumatatu asubuhi mzee Anselmo Urrieta amefariki nyumbani kwa binti yake, Randburg, hapa Johannesburg. Alikuwa na miaka themanini na sita. Tumemzika jana. Wengi mlimjua kama yule mzungu mwembamba mwenye fimbo, aliyekaa Berea miaka ya nyuma na kuongea Kiswahili cha Lubumbashi vizuri kuliko watoto wetu. Wengine hamkumjua kabisa. Basi nitawaeleza.

Anselmo Urrieta alikuwa Mhispania. Alikuwa mchezaji mpira, mshambuliaji, namba tisa. Halafu akawa kocha. Namba tisa, halafu kocha. Katikati hapo kuna goti.

Alizaliwa mwaka 1931, kwenye kijiji cha wachimba makaa ya mawe kaskazini mwa Hispania. Alipofika miaka kumi na nane, klabu ya mji wa bandari uliokuwa jirani ikamchukua. Mbio hakuwa nazo. Alikuwa na kichwa. Krosi ikija mabeki wanaruka, yeye anawaacha waruke, wakianza kushuka ndipo anapanda. Miaka kumi aliifungia klabu ile ile moja.

Mwaka 1959 wakafika fainali. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba. Daktari wa klabu akamchoma sindano ya ganzi, akaambiwa ingia. Akaingia. Akafunga bao kwa kichwa. Aliporudi chini goti likaachia. Wenzake walizunguka uwanja na kombe, yeye amelazwa kwenye benchi la chumba cha kuvalia, anasikiliza kelele kupitia ukutani. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Hakucheza tena.

Habari hii hakumwambia mtu, wasikilizaji wapendwa. Hata mke wake hakumwambia. Mlishike hilo.

Alifundisha timu ndogondogo huko kwao. Mwaka 1971 akaja Lubumbashi kufundisha Etoile, timu ya mtaa wa Katuba. Alikuja kwa mwaka mmoja. Akakutana na Mama Masika, muuza vitambaa, akaoa, akabaki. Wachezaji walimwita Mista, kwa sababu kwao Hispania kocha huitwa hivyo.

Mista alikuwa na desturi moja. Chumbani mwa kuvalia kulikuwa na meza ya mbao iliyotoka baa. Kabla ya mechi kila mchezaji alipanda juu ya meza, akashuka kwa mguu mmoja. Akapanda tena, akashuka kwa mguu wa pili. Mista amekaa kwenye kiti mbele yake. Haangalii goti. Anaangalia mdomo. Mdomo ukikaza hata kidogo, anasema, "Leo huchezi." Basi. Hakuna kujadiliana, na sababu hatoi.

Sasa namleta mtu wa pili, Papa Gaston, fundi wa kushona suti pale Fordsburg. Ninayosema juu yake ameniruhusu niseme. Mwaka 1975 alikuwa namba tisa wa Etoile. Alikuwa kijana na jina lake liliimbwa Katuba nzima. Wakafika fainali ya kombe la mji. Wiki ile goti lilimuuma. Akalikanda kwa maji ya moto na chumvi, akanyamaza. Siku ya mechi akapanda meza, akashuka.

"Leo huchezi," Mista akasema.

"Mista, niko mzima."

"Nenda uvae nguo zako."

Etoile ilifungwa bao moja. Jioni watu walipiga mawe nyumba ya Mista. Walisema mzungu ameuza mechi. Gaston aliamini. Mama yake aliamini. Mtaa mzima uliamini. Na Mista, mtu aliyeweza kumaliza maneno yote kwa kusimulia habari ya sindano, hakufungua kinywa. Alikusanya vioo vilivyovunjika, akafagia. Hapo alikosea. Amekufa, lakini siwezi kusema hakukosea.

Gaston alihamia timu nyingine. Goti lilipona, akacheza hadi mvi zikaanza kutoka. Na tangu siku ile yeye hakumsalimia Mista tena.

Maisha yakawaleta wote wawili hapa Johannesburg. Mista alimfuata binti yake Jocelyne baada ya Mama Masika kufariki. Siku moja walikutana Fordsburg, kwenye robot, yaani taa ya barabarani, wanangoja kuvuka. Papa Gaston akavuka ikiwa nyekundu, magari yanampigia honi. Aliona afadhali agongwe kuliko kusimama kando ya yule mzee.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Mista akapigwa na kiharusi. Akili ikaanza kwenda na kurudi. Kila mchana alimuuliza Jocelyne, "Namba tisa amefika?" Jocelyne alidhani baba anajiulizia mwenyewe, kwa kuwa namba tisa ni yeye. Hospitali walipouliza kovu la goti ni la nini, ndipo mzee akasimulia habari ya sindano kwa mara ya kwanza. Alipomaliza akauliza tena, "Na Gaston, amefika?"

Jocelyne akaelewa. Madaktari walikuwa wamemwambia ajiandae. Alitaka jambo moja tu, baba yake asife anamngoja mtu. Akaenda Fordsburg.

Papa Gaston alikuwa kwenye cherehani. Hakunyanyua kichwa.

"Papa Gaston, mimi ni Jocelyne, wa Mista."

"Nakujua. Kazi iko mingi, mama. Niko na suruali za watu."

"Baba anakuulizia kila siku."

"Aulizie wale waliomlipa."

Jirani yake ni Seif, Mtanzania anayeuza vitambaa. Akadakia, "Babu wee, umenuna tangu enzi za Zaire? Hata Zaire yenyewe imeisha."

"Weye uza vitambaa," Papa Gaston akamjibu.

Jocelyne akamwambia habari ya sindano. Alisimulia amesimama, kwa sababu hakupewa kiti. Papa Gaston alikuwa anakanyaga mashine kwa mguu wa kulia, mguu ule ule. Mashine ikasimama.

"Kwa nini hakusema?"

"Sisi pia hakutuambia."

"Eish," Papa Gaston akasema. Hakusema kwamba atakwenda. Jocelyne alirudi Randburg analia ndani ya teksi.

Jumamosi mchana mlango ukagongwa. Papa Gaston, koti jeusi alilolishona mwenyewe, kofia mkononi. Mista alikuwa kwenye kitanda walichomwekea sebuleni, karibu na hita, maana mnajua baridi ya Julai ya hapa. Akamtazama muda mrefu. Jocelyne aliogopa hatamtambua.

"Umechelewa," Mista akasema. "Panda."

Alikuwa anaonyesha meza ndogo ya chai.

"Papa Gaston, usipande, utaanguka," Jocelyne akasema.

Papa Gaston akavua viatu. Ana miaka sitini na minne. Akapanda juu ya meza ile, ameshika ukuta, halafu akaachia ukuta. Akashuka kwa mguu wa kulia. Baridi ilikuwa kali, na goti la mzee ni goti la mzee. Aliubana mdomo usionyeshe kitu. Mista alikuwa anautazama mdomo.

"Hapana," Mista akasema. "Leo huchezi."

Papa Gaston anasema alikuwa amebeba maneno makali tangu Katuba, ameyapanga vizuri, anayajua kwa moyo.

"Sawa, Mista," akajibu. "Sichezi."

Akavuta kiti, akakaa. Walikaa hivyo hadi giza. Mista hakuuliza tena habari ya namba tisa. Jumatatu asubuhi akafariki.

Jana makaburini Marcellin, aliyesimamia mazishi, alimwita Papa Gaston aje kushika jeneza upande wa mbele. Akakataa.

"Tafuta mwingine. Goti linaniuma."

"Papa, weye? Ngazi za ghorofa lako pale Berea unazipanda kama mbuzi."

"Linauma, nakuambia. Hata 1975 lilikuwa linauma."

Akatembea nyuma ya jeneza, polepole, Jocelyne amemshika mkono.

Jocelyne, mama, pole sana, wewe na ukoo wa Mama Masika kule Lubumbashi, na ndugu wa marehemu huko Hispania. Mungu awatie nguvu. Papa Gaston, pole nawe. Umefiwa kama wao.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nitasema wazi. Kuna mtu katika mji huu unayemvukia barabara ili msisalimiane. Pengine amekukosea kweli. Pengine alikuwa na sababu na hakuisema. Kutoka Fordsburg hadi Randburg si mbali. Nenda akiwa bado anakuulizia. Ukifika, mwambie panapouma.