Jina la Binti Yangu Kwenye Daftari la Waliotengwa

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu. Nawasalimu wa mbele na wa kule mlangoni, na wazee wangu wote shikamooni. Mchungaji amenipa nafasi fupi. Anajua mimi nikianza kuongea sikomi, ndiyo maana ameketi pale anatazama saa. Baba Mchungaji, leo univumilie.

Wengi mnanijua kama Mama Tabita, muuza mafuta ya alizeti hapa Shelui. Mliohamia juzi hamjui kwamba kwa miaka tisa nilikuwa mzee wa kanisa, na kazi yangu hasa ilikuwa kuwaangalia wasichana.

Ilikuwa ile miaka ruhsa ya biashara ilipoanza. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni na vitenge, mitumba ikamwagwa mnadani, malori yakaanza kulala hapa kila siku. Tulishukuru, maana tulikuwa tumechoka kuvaa viraka. Lakini sisi wa baraza la wazee tuliingiwa na hofu. Tuliona wasichana wetu wanakaa barabarani wakiuza chai na kuku, na madereva wanawaita kwa majina. Basi tukakaza kamba. Msichana akipata mimba kabla ya ndoa, jina lake linaandikwa kwenye daftari. Jumapili, kabla ya matangazo, linasomwa. Naye anainuka mahali alipo, watu wote wakimtazama, anakwenda kuketi kwenye benchi la mlangoni mpaka ajifungue na kutubu.

Aliyesoma majina ni mimi. Nilikuwa na sauti ya kufika nyuma. Nilikuwa na jicho pia, ndugu zangu, na nililionea fahari. Wasichana wa kwaya wakifunga mikanda ya majoho, mimi nimesimama pembeni nahesabu tundu, nione nani amelegeza mkanda. Msichana akitema mate mara mbili njiani, mimi nimeshajua. Nilidhani nailinda nyumba ya Mungu. Kweli nilidhani hivyo, sidanganyi madhabahuni.

Jicho hilo halikuiona nyumba yangu mwenyewe. Tabita, mwanangu, alikuwa na miaka kumi na tisa, akishona nguo kwenye kibaraza cha duka moja barabarani. Siku moja tunapepeta alizeti, akaniambia ana mimba ya miezi miwili. Aliyempa mimba alikuwa dereva wa lori, na lori lile lilikuwa limeshahamishiwa njia nyingine. Hatukumwona tena mpaka leo.

Nitawaambia nilichofikiri, maana ushuhuda usio na aibu ni hadithi tu. Sikufikiri juu ya mtoto. Sikufikiri hata juu ya Tabita. Nilifikiri juu ya daftari, na sauti yangu ikisoma jina la binti yangu, na wale akina mama ambao mabinti zao nilikuwa nimeshawasoma, jinsi watakavyoangalia chini ili wasicheke. Nikamwambia, "Hili litaondoka kabla halijaonekana." Yeye akaendelea kupepeta. Nikachukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

Baba yake nilimwambia tunakwenda kutafuta mbegu za vitunguu. Tuliondoka asubuhi, tukateremka mabondeni kwa bibi mmoja ambaye jina lake silitaji, ameshatangulia. Alikuwa mkunga. Alizalisha nusu ya kata hii, na mizizi mingine aliyokuwa nayo haikuwa ya kuzalisha. Tulimkuta anaanika mtama. Tukamwamkia, akatupa vigoda, akaweka sufuria jikoni bila kuuliza tumefuata nini. Watu wa kazi ile hawaulizi.

Akiwa anakoroga, akanitazama kwa muda. Akasema, "Wewe siyo yule mama wa kusoma majina kanisani?"

Nilishtuka. Nikamuuliza amenijuaje, wala hasali kwetu.

"Wasichana wenu wananisimulia," akasema. "Wakija hapa nawauliza, unamwogopa baba? Wanasema hapana. Wanakuogopa wewe."

Hakusema kwa ubaya, ndugu zangu. Alisema kama mtu anayekueleza njia. Akaongeza kwamba wa kanisani kwetu walianza kumjia wengi tangu tulipoweka lile benchi, kwamba zamani msichana wa Kinyiramba akipata mimba kwao waligomba siku mbili tatu kisha wakaanza kutafuta jina la mtoto. Halafu akasema, "Hata yule mrefu wa kwaya, wa kabla ya mavuno. Alitoka hapa anatembea vizuri. Nikasikia mmemzika, mnasema malaria."

Yule mrefu alikuwa Yunisi. Msibani kwake aliyeanzisha wimbo nilikuwa mimi, na niliimba nikilia kweli, maana nilimpenda. Na wiki moja kabla hajafa nilikuwa nimemwita pembeni baada ya mazoezi, nikamwambia, "Yunisi, mkanda wako unaniambia kitu. Nakupa mpaka Jumapili uje mwenyewe kwa wazee." Jumapili ilipofika alikuwa kitandani, na mimi nikasahau, nikaona ugonjwa ni ugonjwa. Siku ile tulizika wawili tukamwimbia mmoja. Na yule wa pili hakuna aliyemhesabu, wala mimi niliyejifanya kuhesabu kila kitu.

Nikiwa nimekaa pale nimekauka, bibi akamimina dawa kwenye kikombe akampa Tabita. Na Tabita akapiga goti. Akakipokea kwa mikono miwili, akasema asante bibi. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha tangu mdogo, mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Nikaona adabu yangu mwenyewe ndiyo inayokipeleka kikombe kile mdomoni.

Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Najua mngependa niseme niliisikia. Nilichosikia ni kwamba nimechelewa kwa Yunisi na kwamba hapa bado sijachelewa, na nguvu ya kusimama ilitoka kwa Mungu. Nikashika mkono wa Tabita, nikamwambia, "Mwanangu, rudisha." Akakirudisha kwa mikono miwili vilevile. Bibi akaenda kumwaga nyuma ya nyumba, akarudi kwenye mtama wake. Alisema tu, "Haya, mwende salama."

Kwenye kupanda mlima ndipo nilipomuuliza binti yangu kitu ambacho sikuwa nimemuuliza hata mara moja. Nilimuuliza yeye alitaka nini. Akasimama, akafuta uso kwa kanga, akasema, "Mama, mimi nilitaka ukasirike, unipige hata, halafu yaishe. Kuondoa ulisema wewe." Tulikaa kwenye jiwe pale tukalia, watu wakipita wakauliza kama tumepata msiba. Nikawajibu kwamba ni mbegu za vitunguu zimekosekana. Mungu anisamehe na uongo ule.

Jumapili nilisimama na daftari kama kawaida. Nikasoma jina la Tabita. Kisha nikasoma la kwangu, ambalo hakuna aliyeliandika. Nikamwachia Baba Mchungaji daftari mkononi, nikaenda kukaa mlangoni pamoja na mwanangu. Na nilikaa miezi yote mpaka alipojifungua. Upepo wa mlango ule ni mkali, ndugu zangu. Tangu tuliweke benchi pale, hakuna mzee hata mmoja aliyekuwa amelikalia.

Baraza lilibishana sana. Wako ambao hawajanisamehe mpaka leo, nao wana hoja, wanasema nimeifanya dhambi ya uasherati kuwa kitu chepesi. Sijaifanya nyepesi. Bado ni dhambi, na toba bado ni toba. Ila tuliifanya aibu kuwa nzito kuliko uhai, na mtoto aliye tumboni ndiye tuliyembebesha, asiye na mgongo wala mdomo. Tunasoma kwamba Mungu alituona tukiwa bado hatujaumbika. Kama alitutazama huko gizani kwa upendo, mimi ni nani nitazame kwa kuhesabu tundu za mkanda?

Siku hizi daftari halipo. Msichana akipata shida, akina mama wanatangulia nyumbani kwake na unga na kuni, maneno mengine yanafuata baadaye.

Mtoto alizaliwa, wa kiume. Watu hupenda ushuhuda ambao mtoto wa namna hii anakuwa mtu mkubwa. Huyu ana miaka sita, anapoteza mbuzi, na hesabu zinamshinda. Labda atakuwa mchunga mbuzi maisha yake yote, tena mbaya. Nampenda hivyohivyo. Mungu hakuniambia atakuwa nani ndipo nimwache aishi.

Bado neno moja, Baba Mchungaji.

Baada ya siku ile ya mabondeni sikulala vizuri kwa sababu ya mama yake Yunisi. Nilijua lazima niende, na nilizunguka kama mbuzi aliyeona fisi. Ilinichukua karibu mwezi. Nilimkuta anatwanga. Nilipiga magoti palepale penye pumba nikamwambia yote, mkanda, onyo langu, na alikotoka binti yake kabla ya kuugua. Hakuacha kutwanga mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Najua. Mwanangu aliniambia kabla hajakata roho. Nilinyamaza ili msimsome akiwa kaburini."

Mama Yunisi yumo humu. Yeye ndiye aliyeniruhusu kusema haya leo, na alisema, "Lakini utaje jina lake, usiseme msichana fulani." Nimelitaja.

Kwa hiyo, binti yangu uliye humu na una jambo moyoni, usiende mabondeni. Usiogope uso wa mtu, hata uwe wangu. Mwenyezi Mungu anakujua na anamjua uliyembeba, na hajapungukiwa na huruma. Ibada ikiisha utatuona wanawake wawili wazee nje pale, mimi na Mama Yunisi. Huwa tunaongozana mpaka nyumbani kwangu kupika. Njoo utembee katikati yetu. Hatutakuuliza kitu mpaka umeshiba.