Kila Mtu Atafika Kiti cha Mbele

Wasifu wa marehemu Dympna Quigley, unaosomwa langoni mwa makaburi, Ijumaa tarehe 8 Machi 2019, na Cathal McAleer, mwana wa kaka yake

Marehemu Dympna alizaliwa tarehe 3 Februari 1948 mjini Strabane, mtoto wa pili wa mzee Phelim McAleer, fundi wa magari, na mama Rose. Mkunga alisimulia kwamba alikuja duniani ngumi zikiwa zimefungwa. Sisi tuliomjua tunasema hakuwahi kuzifungua sawasawa.

Alisoma kwa masista hapa hapa mjini hadi mwaka 1965. Akiwa na miaka kumi aliambiwa achore ramani ya Ayalandi. Akachora Ayalandi, kisha akaongeza Welisi na Uskoti, zimekaribiana kama nyumba za ua mmoja.

“Nani kakutuma uchore hizo?” Sista akamuuliza.

“Ndio majirani, Sista. Utachoraje nyumba ukaacha wa mlango wa pili?”

Sista alimcharaza mkanda viganjani. Dympna, viganja vikimuwaka, aliinyanyua atlasi kwa mikono miwili akamshushia nayo kichwani. Alirudishwa nyumbani kwa wiki mbili, na baba yake akampa adhabu ya kuosha magari, huku akicheka mafichoni nyuma ya gereji. Ramani ile ndiyo iliyokuwa kazi yake ya maisha.

Alianza kazi mwaka 1966 kwenye bandari ya Larne, akikagua tiketi za meli ya Uskoti. Huko ndiko alikokutana na Eunan Quigley, dereva wa basi, aliyechelewa akakuta lango limefungwa.

“Fungua bwana, dada, nina wazee arobaini humu!”

“Meli haina masikio. Na mimi leo sina.”

Eunan alikandamiza honi bila kuachia mpaka nahodha mwenyewe akatoka kutukana. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1970, na mwaka 1973 wakajaliwa binti, Gráinne. Mwaka uliofuata walinunua basi kuukuu kwa jina la McAleer, wakaanzisha safari ya wiki tatu waliyoiita Majirani Watatu. Iliondoka Strabane, ikashuka pwani ya magharibi hadi Rosslare, ikavuka kwenda Fishguard, ikapanda Welisi yote, ikaingia Uskoti hadi kisiwa cha Skye, kisha ikarudi kwa meli ya Larne. Uingereza walipita bila kusimama ila kwa mafuta, kwa sababu, alisema Dympna, tangi halina siasa.

Kupanga safari ile kulimchukua majira yote ya baridi, na alipanga kama mtu anayepanga vita. Aligombana na wenye hoteli, na wenye meli, na mvua. Kule Caernarfon, Welisi, hoteli moja ilipowapa watu wa harusi vyumba vyake, aliingia jikoni akatoka na kikaango cha moto, na bwana harusi akalala kwa mama mkwe. Ngome hakuzipenda kwa uzuri wake. Aliwaambia abiria nani alichinjwa wapi, na nani alikula kwenye meza ya mwenyeji kisha akamchoma kisu mwenyeji usingizini. “Ukipiga picha ya ukuta na hujui damu ya nani iko ukutani,” alisema, “umepiga picha ya mawe tu.” Basini alikuwa na amri mbili. Ya kwanza, nyimbo za bendera, ya upande wowote, marufuku, na padri mmoja aliyeanzisha wimbo aliteremshwa Glencoe mvua ikinyesha. Ya pili, kila asubuhi abiria wote walisogea safu moja mbele, na wa mbele wakarudi nyuma, ili pasiwe na mtu wa kuhodhi kioo cha mbele. “Kila mtu atafika kiti cha mbele,” alisema kila safari, na mwenye kubisha alibisha akiwa kando ya barabara.

Eunan naye alikuwa na amri yake moja. Abiria wakishashuka, dereva hufika hadi kiti cha nyuma kabisa kuangalia kama kuna aliyesinzia.

Ijumaa tarehe 9 Novemba 1979 Eunan alikuwa anarudisha basi tupu nyumbani. Kwenye njia panda ya Carnadarragh vijana wanne wa upande wa pili, Waprotestanti wenye silaha wa vita vile vyetu na wao, walimsimamisha, wakampiga risasi tatu kifuani, wakalichoma basi. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Hakuwa na bunduki wala chama. Alikuwa na sandwichi ya yai mfukoni. Wauaji watatu hawakupatikana hadi leo, Mungu anawajua. Wa nne alikuwa Mervyn Haslett, kijana wa miaka ishirini, na ndiye aliyefyatua. Mahakamani Dympna alikaa siku zote karibu naye akisubiri aseme neno moja tu: mume wangu alisema nini mwisho? Mervyn hakufungua mdomo. Akafungwa maisha, na maisha yenyewe yakaisha mwaka 1996, akaachiliwa, akarudi kulima viazi.

Baada ya mazishi Dympna alikwenda kwenye mabaki ya basi, akachukua kitu pekee ambacho moto ulishindwa kukiunguza, spana ya magurudumu. Akaiweka chini ya kiti chake cha kiongozi, na Majirani Watatu ikaendelea. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna basi lake lililopita Carnadarragh. Alizunguka mbali.

Mwaka 2004 mama mmoja aitwaye Hazel, aliyekuwa mgonjwa na aliyetamani kuiona Skye kabla hajafa, alikata nafasi mbili. Hakujua McAleer ni nani. Asubuhi ya kuondoka alipanda, akakaa, akajifunika blanketi magotini. Nyuma yake alipanda mumewe. Alikuwa Mervyn Haslett.

Dympna na Mervyn walitazamana pale ngazini. Mervyn akageuka kumtazama mkewe, ambaye tayari alikuwa anacheka na jirani yake, na hakushuka.

“Shangazi,” alisema Cathal, aliyekuwa kwenye usukani, “mteremshe huyu au nimteremshe mimi.”

“Wewe endesha.”

Alitazama orodha ya viti, akahesabu kwa vidole, akawahamisha mtu na mkewe safu kadhaa. Cathal hakuelewa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wiki mbili za kwanza hawakusemeshana, na kila asubuhi Mervyn alisogea safu moja. Kwenye meli ya Fishguard uvumilivu wa Cathal ulikatika. Alimsukuma Mervyn kwenye chuma cha sitaha akampiga ngumi, jino likaruka baharini. Kabla hajapiga ya pili, Dympna alimzaba yeye kofi lililomgeuza shingo.

“Huyu ni wangu,” alimwambia. “Una hamu ya kupiga? Kapige matairi.”

Jumamosi tarehe 12 Juni, siku ya mwisho, waliposhuka Larne, Mervyn alikuwa amefika kiti cha mbele, dirishani, nyuma ya Dympna.

“Leo pita Carnadarragh,” Dympna alisema.

Cathal alipita, akasimama pale alipoambiwa. Dympna alisimama, akachukua kipaza sauti, na akasema kwa sauti ile ile ya kuelezea ngome: “Mabibi na mabwana, tazameni upande wa kulia, penye ua wa miiba. Hapa aliuawa dereva Eunan Quigley, mume wangu. Aliyempiga risasi amekaa kiti cha kwanza. Mimi sikuwepo. Yeye alikuwepo. Kwa hiyo atawasimulia yeye.”

Akamsogezea Mervyn kipaza sauti mdomoni. Mkono wa pili ulikuwa umeshika spana.

Mervyn hakumtazama. Alitazama miiba. “Alituomba,” alisema, na sauti yake ikajaa basi zima. “Alisema, ‘Vijana, ngojeni kwanza nikaangalie viti vya nyuma. Msije mkachoma mtu amelala.’ Akageuka kwenda. Nikadhani ni hila, kwamba ana silaha huko nyuma. Nikamwita. Alipogeuka nikapiga.”

“Mkaangalia?” Dympna aliuliza.

“Nini?”

“Viti vya nyuma. Mliangalia, kabla ya kuchoma?”

“Hapana,” alisema Mervyn, na hapo akaanza kulia. “Hatukuangalia.”

Dympna alimpiga spana begani. Mtulinga wa kulia ulivunjika kwa mlio ambao Cathal anausikia hadi leo. Alimpiga mara moja tu. Hazel alipiga yowe, kisha akaziba mdomo wake mwenyewe kwa blanketi. Dympna akakaa, akafunga mkanda.

“Hospitali, Cathal,” alisema. “Haimo kwenye ratiba. Watasamehe chakula kikipoa.”

Mervyn alimwambia daktari kwamba ameteleza kwenye ngazi ya basi. Polisi walipowauliza abiria, kati ya watu arobaini hakuna aliyeona kitu. Walikuwa wanatazama upande wa kulia, kama walivyoelekezwa.

Watu wa mji huu wamepamba hadithi hii kwa miaka kumi na mitano, wengine wakisema walisameheana. Ni uongo, na marehemu aliagiza isemwe hapa kwamba ni uongo. “Sikumsamehe,” alisema. “Nilimsikia.” Lakini tangu mwaka ule Majirani Watatu ilipita Carnadarragh kila mwisho wa safari, na abiria waliambiwa Eunan alisema nini.

Mapafu yake yalianza kumsumbua mwaka 2017. Alikataa kulala kitandani hadi Krismasi iliyopita, na hata huko aligombana na madaktari na kupanga safari ya mwaka huu hadi siku ya mwisho. Wiki mbili zilizopita alimwita Cathal, akampangia na hii ya leo. Kwetu jeneza hupokezanwa begani, watu sita kwa sita. Alisema nani atatoka nalo nyumbani, nani atalipokea kanisani, na nani atalifikisha.

“Kila mtu anasogea,” alisema. “Kufa hakubadilishi utaratibu wangu.”

“Kipande cha mwisho, mbele, nani?”

“Kulia Gráinne. Kushoto Haslett.”

“Shangazi, huyo hapana!”

“Kushoto, Cathal. Uzito ukae bega la kulia, lile nililomvunja. Eunan hakubebwa na waliomuua. Mimi nitabebwa, na atanibeba akiumia.”

Cathal alitoka nje akapiga teke ukuta hadi kidole kikavimba. Kisha akaenda kumwambia Gráinne. Gráinne akasema, “Mama kataka. Ila asinitazame usoni.”

Marehemu alifariki nyumbani Jumanne tarehe 5 Machi 2019, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini na mmoja. Ameacha binti yake Gráinne, wajukuu Oisín na Ferdia, kaka yake Malachy, Cathal mwana wa kaka yake, na mabasi matatu yenye sheria kali.

Kutoka lango hili hadi kaburini ni kipande cha mwisho. Kati na nyuma wanajijua. Mbele kulia ni Gráinne. Mbele kushoto, na Cathal aliapa kulisoma jina hili lisikike, ni Mervyn Haslett. Toka hapo ukutani, Mervyn. Umefika mbele.

Pumzika sasa, Dympna, karibu na Eunan wako. Cathal atatoka mwisho makaburini, na kabla hajafunga lango atarudi kuangalia nyuma.